Mgeni, Mwenye Nyumba na Shairi la Kiayalandi

Walimu wenzangu,

Tangu nirudi mmenikamata mmoja mmoja, huyu koridoni, yule kwenye foleni ya chai, na kila mmoja nimempa kipande chake cha safari. Matokeo yake, naambiwa, zipo hadithi nne zinazozunguka hapo shuleni, na katika mojawapo nilinusurika kuliwa na simba. Simba sikumwona. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, mpokezane, tumalize. Habari za tiketi na mihuri naziruka. Anayezitaka anifuate nyumbani.

Jambo moja mlijue kabla hatujaondoka. Safari nzima nilikuwa na wivu. Sisemi kijicho cha kutamani viatu vya mtu. Nasema wivu wa kunikosesha hamu ya kula, na mnanijua mimi na chakula.

Mwaliko ulitoka kwa Daktari Otieno, Mkenya anayefundisha fasihi chuoni Braamfontein, Johannesburg. Mshairi wa kutoka Ayalandi alikuwa anakwenda huko mwezi wa Juni. Bibi huyo haandiki kwa Kiingereza, anaandika kwa Kiayalandi, lugha ya bibi zake, ambayo Waingereza waliibana mpaka ikabaki vijijini mwambao wa magharibi. Shairi lake moja lingesomwa Jumamosi mbele ya watu kwa lugha zinazosikika Johannesburg, kila lugha mfasiri mmoja, kisha lichapwe kwenye kijitabu. Kwa Kiswahili mfasiri alikuwa mimi. Miaka ishirini nimetunga mashairi ya harusi na mahafali, na hakuna aliyewahi kuniita hata Korogwe.

Tanga hadi Tunduma: kiza mkobani

Ndege mnajua siipandi. Nilikwenda kwa basi, na shairi nilikuwa nalo mkobani: Kiayalandi upande mmoja, na upande wa pili maelezo ya Kiingereza aliyoyaandika mshairi mwenyewe, neno kwa neno. Tulipopita Morogoro nilikuwa nimeshalisoma mara sita.

Lilikuwa shairi jeusi tii. Kuna nyumba, na ndani yake moto ambao haujazimwa tangu enzi za bibi wa bibi. Kila jioni unafunikwa majivu, asubuhi unafufuliwa. Nje kuna udongo mweusi wanaouchimba kinamasini na kuukausha wauchome badala ya kuni. Shambani viazi vimelala vizima vikaamka vyeusi. Kisha anakuja mtu ambaye kwa lugha yao anaitwa *Gall*, anauzima ule moto, anabomoa paa, na kiza kinaingia ndani kama jamaa wa nyumba hiyo. Basi. Hapo ndipo linapoishia. Hakuna nasaha, hakuna tumwombe Mungu, hakuna tujenge taifa.

Wivu wa kwanza ulinishika hapo hapo, kiti namba kumi na nne. Sisi nasi tulitawaliwa, tena mara mbili, na Mjerumani na Mwingereza, na babu yangu alilimishwa mkonge. Lakini mimi katika miaka yote hiyo sijathubutu kuandika ubeti wa kiza usioishia kwenye mwanga. Mgeni rasmi angesema nini? Huyu mwanamke kaachiwa kiza chake chote, na bado anaitwa nchi za watu akakisome.

Kiti cha pili alikaa Tumaini, mfanyabiashara wa vitenge wa Tunduma, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Aliniuliza nasoma nini, nikamweleza.

"Kwani wazungu nao walitawaliwa?" akauliza.

"Walitawaliwa."

"Na nani?"

"Na wazungu."

Akafikiri kidogo. "Basi hayo ni mambo ya ukoo," akasema, akamenya chungwa akanipa nusu.

Nilicheka, lakini alikuwa amenigusa palepale penye tabu. Lile neno *Gall* nilifasirije? Nikiandika "mzungu", watu watamtazama mshairi, ambaye ni mzungu, na ukumbi utaangua kicheko. "Mkoloni" ni neno la mkutano wa hadhara, halikai kwenye beti zangu. Maelezo ya Kiingereza yalisema *Gall* ni mtu asiye wa hapa. Mtu asiye wa hapa kwa Kiswahili ni mgeni. Nikaandika "mgeni", nikaona nimemaliza.

Mpika: siku mbili na kamba wakavu

Zambia ni nchi ndefu. Kabla ya kufika Mpika kitu chini ya basi kilipiga mlio, tukasimama, na dereva akatoka akachungulia, akarudi na uso wa mtu aliyetoka hospitali. Kipuri kingeletwa kutoka Lusaka. Kililetwa baada ya siku mbili.

Wenyeji walitupokea kama wafiwa. Mama mmoja mwenye genge kando ya barabara alitupikia ugali, wao wanauita nshima, na mboga ya vitu vidogo vyeusi vilivyokaangwa na nyanya. Nikavionja. Nikaona: hawa ni kamba wakavu, isipokuwa hawajui kuwaosha chumvi. Nikala, nikaongeza, nikamsifu mama wa watu kwa ishara, na kwa Kiingereza nikamwuliza kamba wanawapata wapi mbali hivi na bahari. Hakunielewa. Tumaini, aliyekuwa anajua Kibemba, alikuwa kageukia pembeni mabega yanamtikisika. Siku ya pili ndipo akaniambia ni viwavi. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Mwalimu, ulikuwa unafurahi." Hapo aliniaga akapanda lori la jamaa zake, sikumwona tena.

Nilitumia siku hizo mbili kumalizia shairi, nimekaa juu ya begi langu. Ubeti mmojawapo ni huu:

*Mgeni alipofika, moto wetu kauzima,*
*Paa letu kalishika, akalivuta kwa nyuma,*
*Kiza kikamiminika, nyumbani kikasimama,*
*Mgeni mwovu ondoka, urudi ulikohama.*

Mstari wa mwisho haumo kwa yule bibi. Niliuongeza mimi, kwa sababu nilishindwa kuondoka nyumbani kwa watu bila kusema neno la kufungia. Vina vilikaa, mizani ikatimia. Nilijisikia vizuri sana.

Simu yangu haikushika mtandao tangu tuvuke mpaka pale Nakonde, kwa hiyo hakuna aliyejua niko wapi.

Limpopo hadi Braamfontein: roboti ya pili

Kutoka Lusaka nilipanda basi jingine, tukavuka Zimbabwe, na kwenye daraja la Limpopo tukapanga foleni kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Baridi ilikuwa inanipenya hadi kwenye meno. Nilivaa khanga tatu juu ya sweta nikafanana na mzigo.

Nilitarajiwa Jumanne. Nilishuka Johannesburg Alhamisi saa sita mchana. Palikuwa na mwanamke mfupi, nywele zimesukwa vizuri mno, ameshika boksi lililokatwa, limeandikwa MWALIMU ZAINA.

"Ni weye Mwalimu? Karibu, karibu sana. Tangu jana nangoja kila basi. Tulisema labda umekufa mu njia."

Alijitambulisha kwa jina la Mama Furaha, mtu wa Bukavu, kaishi pale miaka kumi na tano. Alinyakua begi langu kubwa kabla sijakataa. Daktari alikuwa na kipindi, akasema, tutamkuta chuoni. Tupande basi, tushuke kwa roboti ya pili. Ndani ya basi nilitoa macho dirishani nikitafuta hiyo roboti. Nilishasikia Afrika Kusini wameendelea, lakini si kiasi cha kuweka sanamu za chuma barabarani. Tukashuka penye taa za magari, nikamwuliza iko wapi. Akanyoosha kidole kwenye taa. "Njo hii, Mwalimu. Nyekundu, kijani. Roboti." Hakucheka. Ningependa angecheka, ningepata sababu ya kumchukia mapema.

Daktari Otieno alinipokea kwa mikono miwili na pole nyingi. Kisha akakohoa.

"Mwalimu, tulikungoja. Jumatano ikafika na hatuna habari yako. Ikabidi nikubali mtu mwingine. Mama Furaha amelifanya."

"Amelifanya nini?"

"Lile shairi."

Nikamgeukia yule mwanamke aliyekuwa ameketi na begi langu magotini. "Kumbe wewe ni mfasiri?"

"Apana," akasema. "Niko na saluni."

Ikabainika kwamba anamsuka mke wa Daktari. Yule mshairi alipelekwa saluni Jumanne apotezee muda wakati wa kumngoja Mtanzania asiyefika. Akaanza kumwambia Mama Furaha mistari yake kwa Kiingereza, mmoja mmoja, na Mama Furaha akawa anamrudishia kwa Kiswahili huku anasuka. Walipomaliza kichwa walikuwa wamemaliza na shairi.

Nilikaa siku saba barabarani na viwavi tumboni. Yeye alilimaliza kwa kichwa kimoja.

Daktari akatoa uamuzi wa kutupatanisha: Jumamosi tusome wote wawili, kisha mshairi achague ni tafsiri ipi iingie kijitabuni, maana nafasi ya Kiswahili ni ukurasa mmoja. Halafu akakohoa tena. Chumba changu cha chuo kilishapewa mtu mwingine. Nitalala kwa Mama Furaha.

Doornfontein: kalamu nyekundu

Anaishi ghorofa ya tatu na binti yake Furaha, wa miaka kumi na minne, anayesikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza au Kizulu. Walinipa kitanda, wao wakalala sebuleni. Chakula kilikuwa fufu, ugali wao wa muhogo, na sombe, ambayo sisi tungeiita kisamvu, na sombe ile, naapa, ilinifanya nisahau kununa kwa robo saa. Mama Furaha alikuwa ananitazama nikila kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Saluni yake iko chini, mtaa wa pili. Upande mmoja wa mbele una kioo, upande wa pili umezibwa kwa mbao.

"Mnakarabati?" nikamwuliza.

"Apana. Mwezi wa ine batu balikuja bakavunja."

"Wezi?"

Akavuta kichana kwenye nywele za mteja. "Eish, Mwalimu. Tuseme wezi."

Nikasema pole, nikaendelea na yangu. Ningeuliza swali moja zaidi hapo, Jumamosi ingekuwa nyingine.

Yangu yalikuwa haya: Ijumaa asubuhi mshairi mwenyewe aliingia saluni. Jina lake limeandikwa *Sadhbh*. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Nikasimama nikamwamkia, "Karibu, Bi. Sadibuhu." Akakunja uso kwa upole. Mama Furaha akaita kutoka nyuma, "Saivu! Kuya kunywa chai," na yule mzungu akaenda mbio kama kaitwa na dadake. Ndivyo linavyotamkwa. Saivu. Herufi sita zimewekwa pale kupotezea wageni njia.

Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono ya mkulima, na hana makuu. Aliniambia bibi yake alikufa akiwa hana mtu kijijini wa kuongea naye lugha yake, akabaki kuongea na ng'ombe. Badala ya kumwonea huruma nilimwonea wivu kwa bibi wa namna hiyo. Bibi yangu mimi alifariki amezungukwa na wajukuu thelathini wote wanaongea naye, haandikiki. Kisha walianza kucheka, yeye na Mama Furaha, juu ya kitu walichokisema Jumanne, mimi sikuwepo. Nilikaa chini ya mashine ya kukaushia nywele nikijifanya nasoma.

Jioni niliomba kuona tafsiri. Mama Furaha aliitoa kwenye droo ya vichana, imeandikwa nyuma ya kalenda. Sikuisoma kama shairi. Nilitoa kalamu nyekundu, mnanijua, siendi popote bila hiyo, nikaisahihisha mbele yake. "Batu" nikaandika juu yake "watu". "Mayi", "maji". "Hii moto", "huu moto". "Giza ikaingia", nikazungushia duara na kumweleza ngeli, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mwenzake. Kila alama nyekundu iliniburudisha.

Mama Furaha alifuatisha kidole changu, anaitikia. "Aksanti, Mwalimu," akasema mwishoni. "Mi siku yote nilikuwa nataka mutu anionyeshe." Na alimaanisha.

Jumamosi: ukumbini

Ukumbi ulijaa. Nilitarajia wanafunzi, lakini waliokuja wengi walikuwa watu wa mtaani wa Mama Furaha: mafundi cherehani, walinzi wakiwa na sare zao, akina mama Wakongo waliovaa vitenge vya kanisani, na Watanzania wa kutosha wanaouza bidhaa Marshalltown. Nilipoona kofia za kiua nikajua niko kwetu. Hawa wanajua vina. Niliomba nianze mimi.

Nilighani, sikusoma. Sauti yangu mnaijua. Ubeti wa kwanza watu walitikisa vichwa. Nilipofika "Mgeni alipofika, moto wetu kauzima" vichwa vilisimama. "Mgeni mwovu ondoka, urudi ulikohama": nikaurudia mstari kama desturi, nikiwangoja wanipokee kiitikio. Hakuna aliyepokea. Mlinzi mmoja alikuwa anatazama mlango. Nikamaliza katika ukimya ambao sijawahi kuukuta hata kwenye mtihani wa taifa.

Mzee mmoja wa kofia akasimama. Alikuwa mtu wa Makorora, wa hapa hapa Tanga, anaitwa Salimu.

"Mwalimu, salaam aleikum," akasema. "Umetunga vizuri, Mashallah, kwetu hawajasahau. Ila hapa mgeni ni sisi. Maneno haya tuliambiwa mwezi wa nne, wanatuvunjia maduka. 'Ondokeni, rudini mlikotoka.' Tofauti ni kwamba waliotuambia hawakuwa na vina."

Akakaa. Nikatazama mbele na kumwona Furaha, mtoto asiyesema Kiswahili, ameinamisha kichwa. Ule upande wa saluni uliozibwa mbao nikauelewa hapo, mbele ya watu mia, kipaza sauti mkononi. Sisi Tanga mgeni njoo mwenyeji apone. Sikuwahi kufikiri kwamba neno tamu namna hiyo lina mahali linapouma.

Mama Furaha akapanda. Alikuwa na kalenda yake yenye wekundu wangu wote. Hakuutazama. Alisoma kama anavyosema:

*Mwenye nyumba akakuja. Hakugonga.*
*Akauliza: hii moto ni ya nani?*
*Tukasema: ni ya bibi, na ya bibi ya bibi.*
*Mwenye nyumba akamwanga mayi.*
*Giza ikaingia, ikavuta kiti, ikakaa.*
*Batu ba nyumba bakabaki banasimama.*

Mwenye nyumba! Yule *Gall*, mtu asiye wa pale, amekuja na karatasi akawa mwenye nyumba, na waliozaliwa humo wamekuwa wapangaji wake. Historia yote ya Ayalandi, na ya babu yangu kwenye mkonge, na ya kila mtu ukumbini anayemwogopa mtu wa kodi akigonga mlango, au asipogonga. Kwa neno ambalo mimi nalitumia kila siku kumlalamikia baba mwenye nyumba wangu kuhusu bomba. Lilikuwepo mdomoni mwangu siku zote, sikuliona.

Mama mmoja wa kitenge alijifunika uso. Mzee Salimu alisema "Naam" kwa sauti, tena akasema "Naam". Walipoanza kupiga makofi mimi nilipiga pia, na viganja viliniuma, maana nilikuwa napiga kwa hasira.

Sadhbh hakuhitaji muda wa kuchagua. Alinishika mikono, akaniambia kosa ni lake, yeye ndiye aliyeandika kwa Kiingereza lile neno la mtu asiye wa hapa, na Mama Furaha siku ile alimwuliza: huyo mtu alifanya nini hasa? Akamjibu kwamba alidai nyumba ni yake. Mimi sikuwa na wa kumwuliza, akasema, nilikuwa na karatasi tu. Hata lawama yangu alitaka kunibebea. Nilimwambia ahsante.

Jumatatu: simu ya Marshalltown

Haya ndiyo ambayo sijamwambia yeyote kati yenu.

Basi langu lilikuwa la saa nane. Asubuhi nilikaa saluni, begi mlangoni. Mama Furaha alikuwa amepaka mafuta ya nywele mpaka viwiko, anamsuka bibi harusi. Simu yake ikalia.

"Mwalimu, unijibie, tafadhali. Mikono yangu iko na mafuta."

Nikapokea. Alikuwa kijana wa kike wa ofisi moja ya Marshalltown inayopanga kurasa za kijitabu. Alizungumza Kiingereza, kwa haraka. Ukurasa wa tisa, Kiswahili: ameletewa shairi lakini jina la mfasiri limeandikwa "Mama Furaha" tu. Hilo ni jina kamili? Anaambiwa hapana, ni kama cheo. Anahitaji jina kamili, herufi kwa herufi, kinakwenda mtamboni mchana huu.

Ndipo nilipogundua kwamba silijui. Nimelala kitandani kwake siku nne, nimekula sombe yake, nimemsahihishia ngeli, na najua jina la binti yake tu. Ni kawaida yetu, wala si kosa. Nani kati yetu anajua jina la Mama Shabani wa kantini? Lakini yule mwanamke alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Nilichotakiwa ni kuinua kichwa nimwulize.

"Halo?" akasema yule binti. "Jina la mfasiri?"

Nikamtajia Z, A, I, N, A. Nikamtajia na la baba yangu. Alizirudia herufi zote, nikamwambia sawasawa.

"Ni nani?" akauliza Mama Furaha.

"Watu wa kijitabu. Walitaka kuhakikisha tahajia."

"Aksanti, Mwalimu," akasema. "Mi tahajia singeweza."

Saa saba akamwacha bibi harusi na nusu ya kichwa, akanisindikiza kituoni, akanipa chakula kwenye kopo la siagi. Sikukila. Nilimpa jirani yangu tulipofika mpakani.

Tanga

Kurudi kulichukua siku nne na hapana kilichoharibika. Njia nzima nilikuwa naomba kiharibike.

Nakala zilinifikia wiki tatu baadaye, kumi, mkazigawana. Mlinisifu. Mwalimu mmoja, simtaji, alisema nimekua, nimeacha utumwa wa vina. Mwingine akasema nimeiga Kiswahili cha Kongo kwa ustadi usiowezekana. Nikasema ahsante kwa wote, nikaongeza kwamba haikuwa rahisi.

Siku tisa zilizopita nilipata ujumbe wa sauti kwenye simu. Mama Furaha. "Mwalimu, jambo. Tulikukumbuka. Kitabu bado hainifikie, Docteur yuko safari. Weye ulipata? Unipigie foto ya ile page na jina, unitumie. Furaha anataka kuonyesha ku masomo. Amewaambia mama yake iko mu kitabu."

Niliusikiliza ujumbe ule mara nyingi mno, nikitafuta kejeli ndani yake. Ningepata hata chembe, ningejitetea nayo. Haimo.

Jana nilimpigia. Nilimwambia kila kitu, bila kulainisha, ile simu, herufi, uongo wa tahajia. Upande wa pili nilisikia mashine ya kukaushia nywele, na mtu anacheka mbali.

Nikasema, "Mama Furaha, jina lako nani?"

Akalitaja. Nikamwomba anitajie herufi, akazitaja polepole, moja moja, hazina tabu hata kidogo. Kisha akasema ana mteja, akakata.

Daktari Otieno nimemwandikia pia. Amenijibu mstari mmoja, kwamba kijitabu kimeshasambaa na hakitachapwa tena. Kwa hiyo zilizo mikononi mwenu ndizo ninazoweza kuzigusa. Ninawaomba mfungue ukurasa wa tisa, chini ya shairi. Kateni jina langu kwa mstari, msilifute, lionekane. Juu yake andikeni kwa wino, kwa herufi kubwa: RIZIKI NABINTU. Halafu mniletee nizipige picha zote kumi nimtumie. Mniletee kesho, kabla ya kengele ya kwanza, kwa sababu yule mtoto alishawaambia wenzake.